Kadi ya kliniki iseme ni nini kilichobanduka ndani ya jicho

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie upofu ambao mara nyingi ungezuilika kama mgonjwa angejua mapema ni nini hasa kimetokea ndani ya jicho lake. Mtu mmoja anatoka kliniki ya macho na kadi iliyoandikwa PVD, yaani ute uliojaza jicho umejitenga na utando ulio nyuma yake. Mwingine anatoka na kadi iliyoandikwa RD, yaani utando wenyewe wa kupokea mwanga, retina, umebanduka. Wote wawili wameambiwa maneno yale yale, kwamba kuna kitu kimebanduka ndani ya jicho. Wa kwanza, akishapimwa vizuri, anaweza kurudi Siaya akaendelea na kazi zake, mradi arudi kuangaliwa tena baada ya wiki nne hadi sita. Wa pili anatakiwa awe safarini kumwendea mpasuaji wa retina siku hiyo hiyo. Wakichanganywa, wa kwanza hupoteza nauli na usingizi, lakini wa pili hupoteza jicho.

Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi. Nyuma ya lenzi limejaa ute mzito, kiasi cha mililita nne, ambao karibu wote ni maji yaliyoshikiliwa na nyuzi nyembamba za kolajeni. Ute huo umegusana na retina, utando usiofika unene wa nusu milimita, ambao kazi yake ni kupokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Retina nayo imelalia tabaka la seli zenye rangi nyeusi zinazofyonza maji mchana na usiku ili utando ukae umeshikamana na ukuta wa jicho. Nyuma ya seli hizo ndiko kuliko na mishipa ya damu inayolisha sehemu ya nje ya retina. Basi kuna mahali pawili ambapo kitu kinaweza kuachana na mwenzake: ute na retina, au retina na ukuta.

Ute kuachana na retina ndiyo hiyo PVD, na ni jambo la umri. Baada ya miaka 50 ute huzidi kuwa majimaji, hunywea, kisha hujitenga na retina kuanzia nyuma kuja mbele. Watu wasioona mbali hupatwa mapema zaidi, na vivyo hivyo waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wengi hawahisi chochote. Wengine huona mwako kama wa radi pembeni mwa jicho, hasa gizani wanapogeuza macho, kwa sababu ute unaivuta retina na retina haijui kujibu kwa namna nyingine ila kwa mwanga. Huona pia nzi weusi wanaoelea, nyuzi, au duara moja kubwa linaloyumba. Hivyo ni vivuli vya nyuzi za ute vinavyoangukia retina. Mwako huisha baada ya wiki kadhaa, na vivuli ubongo huvizoea. Hakuna dawa ya matone, miwani wala vitamini inayohitajika hapo, na anayeuziwa chupa ya matone kwa ajili ya PVD ameuziwa kisichomsaidia.

Taabu huanzia pale ambapo ute ulikuwa umeng'ang'ania retina kwa nguvu isiyo ya kawaida. Unapojitenga huondoka na kipande, na retina huchanika, mara nyingi kwa umbo la kwato ya farasi. Katika watu kumi wanaokuja na mwako na nzi weusi wa ghafla, mmoja au zaidi kidogo atakuwa na mchaniko. Ikiwa ndani ya ute mna damu, uwezekano huo hupanda sana, na jicho hilo lihesabiwe kuwa limechanika mpaka daktari athibitishe kuwa halijachanika. Maji ya ute hupenya kwenye tundu na kuingia nyuma ya retina, jinsi maji ya mvua yanavyopita kwenye ufa na kuitenga plasta na ukuta. Hiyo sasa ndiyo RD. Retina iliyobanduka imetengwa na chakula chake, na seli zake za kupokea mwanga huanza kufa.

Katikati ya retina pana makula, eneo dogo ambalo kwalo mtu husoma, hutambua sura na kutunga uzi kwenye sindano. Swali linaloamua kila kitu ni hili: je, makula bado imeshikamana? Ikiwa imeshikamana, upasuaji ufanyike ndani ya saa 24 au karibu na hapo, na mgonjwa ana matumaini makubwa ya kubaki na uoni wake. Ikiwa imekwisha kubanduka, bado kuna haraka, na lengo huwa siku tatu za kwanza, zisipite saba. Kila siku inayoongezeka hupunguza kiasi cha uoni kitakachorudi hata kama retina itarudishwa mahali pake vizuri kabisa. Kwa hiyo kadi iliyoandikwa RD pekee haijatosha. Haimwambii mtu wa mapokezi katika hospitali kubwa kama mgonjwa huyu aingie leo au asubiri foleni.

RD haiumi. Jicho halina wekundu, halitoi tongo wala machozi. Ndiyo sababu watu hukaa nyumbani. Mtu mwenye kibanzi jichoni hukimbilia zahanati saa hiyo hiyo, na mtu ambaye nusu ya retina yake imening'inia ndani ya jicho hungoja siku ya soko ipite. Jicho la pili huficha habari pia, kwa kuwa macho yote mawili yakiwa wazi, zuri huziba pengo la baya. Njia ya kujua ni rahisi na haina gharama: ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama kitu kisichosogea, kama kitasa cha mlango ulio mbali, ujiulize kama pembe zote nne za mlango zinaonekana. Kisha badilisha jicho. Mwenye dalili afanye hivyo kila asubuhi na jioni.

Mwelekeo wa kivuli una maana. Picha kwenye retina huwa imepinduliwa, kwa hiyo kivuli kinachotokea chini na kupanda ni ishara kwamba retina iliyobanduka ni ya juu. Hiyo ndiyo ya hatari zaidi, kwani uzito wa maji huivuta chini kuielekea makula na inaweza kuifikia ndani ya saa chache. Kivuli kinachoshuka kutoka juu humaanisha retina ya chini, ambayo aghalabu huenda polepole. Kivuli cha upande wa pua humaanisha retina ya upande wa sikio. Muuguzi wa zahanati ambaye hana mashine yoyote anaweza kuandika habari hiyo kwa sentensi moja, na mpasuaji ataithamini.

Sasa tuseme wazi mambo yanayoharibika katika ngazi ya chini, maana yanajulikana. La kwanza ni kumpa mgonjwa marhamu ya tetrasaiklini au matone ya antibiotiki kwa sababu amesema "naona vibaya", kisha kumwambia arudi baada ya wiki mbili. La pili ni kudhani kuwa ni mtoto wa jicho kwa kuwa mgonjwa ni mzee. Mtoto wa jicho hufifisha uoni kwa miezi na miaka, wala hauleti pazia linalotokea upande mmoja kati ya Jumatatu na Alhamisi. La tatu, na hili huwapata hata waliosomea kazi hii, ni kuchungulia jicho kwa ofthalmoskopu ya mkononi pasipo kupanua mboni na kuandika kwamba retina ni nzuri. Kifaa hicho huonyesha sehemu ndogo ya katikati. Michaniko mingi iko pembezoni kabisa, mahali ambapo kifaa hicho hakifiki.

Uchunguzi wa kuaminika una hatua zake. Kwanza pima uoni wa kila jicho peke yake kwa chati ya mita sita, na kama chati haionekani, kwa kuhesabu vidole, kisha mkono unaopungwa, kisha mwanga. Pima upana wa uoni kwa vidole katika pande nne. Hamisha mwanga wa tochi kutoka jicho moja hadi jingine kwa sekunde mbili mbili: mboni ya jicho lenye retina iliyobanduka sana hupanuka mwanga unapolifikia badala ya kusinyaa. Fanya hayo yote kabla ya kutia dawa ya kupanua mboni, kwa sababu ukishaitia, kipimo cha tochi kimepotea. Dawa hiyo, aghalabu tropikamaidi ya asilimia 1, huchukua dakika 20 hadi 30, na katika macho yetu meusi mara nyingi tone la pili huhitajika. Mgonjwa ataona ukungu kwa saa nne hadi sita, kwa hiyo asiendeshe gari wala bodaboda.

Kwenye mashine ambayo mgonjwa huegemeza kidevu, mkaguzi atazame kwenye ute ulio nyuma ya lenzi. Chembe za rangi ya tumbaku zinazoelea hapo ni seli nyeusi zilizopita kwenye tundu, na anayeziona asimwachilie mgonjwa mpaka tundu lipatikane. Kisha huja taa ya kichwani na lenzi ya dayopta 20, pamoja na kuubonyeza taratibu ukuta wa jicho kwa nje ili pembezoni paingie machoni pa daktari. Kama damu au mtoto wa jicho mzito umezuia kuona, skani ya altrasaundi ya jicho itaonyesha utando uliobanduka. Hapo tena tahadhari ile ile inahitajika, kwani ute uliojitenga na retina iliyobanduka hufanana kwenye skani. Tofauti ni kwamba retina huwa imefungwa kwenye mshipa wa fahamu nyuma ya jicho na hutikisika kwa ugumu, ilhali ute huyumba kwa ulegevu na kwa kawaida haujashikwa hapo.

Mchaniko ambao haujaleta kubanduka hutibiwa kwa leza, safu tatu za alama kuuzunguka, au kwa kugandisha kwa baridi kali kutoka nje. Kazi hiyo huchukua dakika chache chini ya ganzi ya matone au sindano, na mgonjwa hulala kwake. Kovu hukomaa kwa muda wa siku 10 hadi 14, na kabla ya hapo mchaniko haujafungika sawasawa, kwa hiyo asibebe mizigo mizito wala kucheza mpira. Hii ndiyo fursa nafuu kuliko zote. Ikipita, kinachobaki ni chumba cha upasuaji.

Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita RD ilikuwa upofu usio na tiba. Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba dawa ni kulitafuta tundu na kuliziba. Kanuni hiyo haijabadilika. Mpasuaji wa leo anaweza kushona ukanda wa silikoni nje ya jicho ili ukuta uingie ndani na kulikuta tundu. Anaweza kudunga kiputo cha gesi iwapo tundu liko juu. Au anaweza kufanya vitrektomi, ambayo Robert Machemer aliianzisha Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970: matundu matatu yasiyozidi upana wa milimita moja, ute unaondolewa, maji yaliyo nyuma ya retina yanafyonzwa, leza inapigwa, na jicho linajazwa gesi au mafuta ya silikoni ya kuikandamiza retina mahali pake hadi kovu likomae. Kwa upasuaji mmoja, retina hushika katika macho manane au tisa kati ya kumi. Kinachoshindisha zaidi ni makovu yanayoota juu ya retina na kuikunja, na hayo hupendelea macho yaliyocheleweshwa.

Hospitali nyingi zenye idara ya macho huku kwetu hufanya mtoto wa jicho kila wiki, lakini upasuaji wa retina haufanyiki katika kila moja. Kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye matatu, piga simu uulize maswali matatu: je, mpasuaji wa retina yupo leo, gesi na mafuta vipo, na malipo yakoje. Kumtuma mtu kutoka Busia hadi Kisumu, halafu kutoka Kisumu hadi Eldoret, halafu kutoka Eldoret hadi Kikuyu au Nairobi, ni kuitumia ile siku moja ya makula kwenye viti vya matatu.

Namna ya kukaa njiani nayo ina uzito wake. Kichwa kiwekwe ili sehemu iliyobanduka iwe chini kadiri inavyowezekana, maji yasiitandaze retina kuelekea katikati. Retina ya juu ikiwa ndiyo iliyobanduka, mgonjwa alale chali, kiti kikiwa kimelazwa kadiri kinavyoweza. Ya upande wa sikio katika jicho la kulia, alalie shavu la kulia. Ya chini, akae wima. Asafiri na mtu wa kumshika mkono, achukue kadi zake za presha na kisukari, na dawa zake zote za kila siku.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa katika nchi za tambarare huligusa kwa mstari mmoja, na kwetu lingestahili ukurasa mzima. Ni gesi ndani ya jicho na milima iliyo kati ya Nairobi na Ziwa Viktoria. Gesi hutanuka kadiri mtu anavyopanda. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru mita 1,850, na barabara ya Mau Summit inazidi mita 2,500. Mtu mwenye gesi jichoni akipanda kutoka Kisumu hadi Mau Summit, gesi hiyo inataka kuongezeka kwa karibu sehemu moja ya tano. Jicho ni mpira uliofungwa, haliwezi kuongezeka hivyo, kwa hiyo kinachopanda ni shinikizo. Likipanda sana hukandamiza mshipa wa damu unaoilisha retina, na retina iliyorudishwa mahali pake kwa upasuaji inaweza kufa kwa muda mfupi.

Aliyepasuliwa Nairobi, karibu mita 1,700, gesi yake hutanuka kidogo kuliko ya huyo, takribani sehemu moja ya kumi, lakini yeye hupanda mara mbili: Limuru kwanza, halafu Mau Summit, ndipo ashuke Kericho hadi Kisumu. Njia ya Narok, Bomet na Kisii haifiki kimo cha Mau Summit, ingawa nayo ina miinuko yake. Mwenye hali mbaya kuliko wote ni yule ambaye kwao ni juu na amepasuliwa chini, kwa mfano mkazi wa Molo anayerudi nyumbani kutoka Kisumu. Ndege hairuhusiwi kabisa, hata ile ya dakika arobaini na kitu kati ya Nairobi na Kisumu, kwa sababu hewa ndani ya ndege hulegezwa hadi kimo cha mita 2,400 hivi na hupungua kwa kasi kuliko barabarani.

Kwa hiyo mgonjwa amwambie mpasuaji, kabla ya upasuaji, anatoka wapi na atarudi kwa njia gani. Kama hawezi kukaa karibu na hospitali, mpasuaji anaweza kuchagua mafuta ya silikoni, ambayo hayatanuki, ingawa yatahitaji upasuaji wa pili wa kuyatoa baada ya miezi mitatu hadi sita. Kama ni gesi, aulize ni ipi. Hewa ya kawaida hukaa kama wiki moja, SF6 kama wiki mbili, C3F8 wiki sita hadi nane. Mgonjwa mwenyewe anaweza kukifuatilia kiputo: huona mstari unaoyumba, na kila siku mstari huo hushuka chini zaidi katika uoni wake hadi kibaki kiputo kidogo, kisha kitoweke. Ruhusa ya kupanda mlima itoke kwa daktari aliyemchunguza, isitoke kwa jamaa aliyekuja kumchukua.

Akiwa njiani, jicho likianza kuuma, kichwa kikagonga, akatapika au uoni ukazimika, gari lisiendelee kupanda. Ligeuzwe kuelekea chini, na aende kwenye hospitali iliyo karibu yenye kliniki ya macho. Dawa ya kupunguza shinikizo ambayo wengi hupewa ni asetazolamaidi, na hapa tunawasihi wenzetu wa chumba cha dharura: mwulize kwanza kama ana selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Kwa mwenye selimundu dawa hiyo inaweza kuzidisha kujikunja huko kwa chembe za damu na haifai kutolewa kwa mazoea. Pia mwenye gesi jichoni asipewe gesi ya usingizi ya naitrasi oksaidi, hata kama analazwa kwa mguu uliovunjika, kwani huingia kwenye kiputo na kukipanua. Avae utepe mkononi unaosema hivyo mpaka kiputo kiishe.

Nyumbani, akiambiwa alale kifudifudi au kwa ubavu, hesabu ya kawaida ni dakika 50 katika kila saa kwa siku tano hadi saba, na kumi za kula na kujinyoosha. Gesi huelea, nayo inatakiwa iliguse tundu. Asilale chali, kwani gesi itaisukuma lenzi mbele. Hili hushinda watu wengi kuliko upasuaji wenyewe, na familia ndiyo inayoliwezesha: godoro chini, mto wenye pengo la uso, chakula kinacholika ukiwa umeinama.

Si kila RD inatokana na tundu, na hapa ndipo kadi yenye herufi mbili hupotosha zaidi. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, mishipa mipya dhaifu huota juu ya retina, huacha makovu, na makovu huivuta retina kutoka ukutani. Hakuna mwako, hakuna nzi wa ghafla, na mwendo ni wa miezi. Haraka inategemea kama makula imetishiwa. Anayeishi na kisukari anapaswa kupanuliwa mboni na kutazamwa kila mwaka hata kama anasoma gazeti hili bila shida. Selimundu, ambayo ni nyingi katika kaunti zilizo kando ya Ziwa, inaweza kuleta jambo kama hilo hilo kwa vijana, na mpasuaji anatakiwa kujua mapema, kwa sababu ukanda wa silikoni uliokazwa katika jicho la namna hiyo unaweza kulinyima damu upande wa mbele.

Aina ya tatu haina tundu wala kovu. Maji huvuja kutoka kwenye mishipa ya nyuma na kuinyanyua retina. Mama mjamzito mwenye shinikizo kali la damu anaweza kuona ukungu au giza kwa sababu hiyo. Tiba yake iko wodi ya wazazi: presha ishushwe, mtoto azaliwe, na retina kwa kawaida hurudi yenyewe ndani ya wiki chache. Kumpeleka kwa mpasuaji wa retina huku presha ikiwa juu ni kuhatarisha maisha mawili. Kwa mtoto mdogo, retina iliyobanduka inaweza kuwa imesukumwa na saratani ya jicho. Mzazi akiona mng'ao mweupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, au mtoto akaanza makengeza, aende hospitali wiki hiyo hiyo, na asikubali kuambiwa kuwa yatapona yenyewe.

Majeraha yana ratiba yake. Ngumi, kofi, mpira, kiboko cha shuleni au bua la muwa linaloruka huweza kuing'oa retina kwenye mzizi wake wa pembeni. Vijana bado wana ute mgumu unaoishikilia retina iliyong'oka, kwa hiyo kubanduka kwenyewe huweza kuja baada ya miezi, wakati kila mtu amesahau ugomvi. Jicho lililopigwa lichunguzwe kwa mboni iliyopanuliwa siku zile zile, kisha baada ya mwezi au miezi miwili. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanaogonga chuma kwa chuma wavae miwani ya kinga. Kibanzi cha chuma kikitoboa jicho, lisioshwe, lisibonyezwe, lisipakwe marhamu. Lifunikwe kwa kitako cha kikombe cha karatasi kinachokaa juu ya mifupa bila kuligusa jicho, mgonjwa asile, apelekwe.

Waliopona jicho moja wasisahau la pili. Karibu mtu mmoja katika kumi atapatwa upande wa pili pia, na mchaniko uliopatikana mapema huko hufungwa kwa leza.

Ombi letu kwa idara za afya za Kisumu, Vihiga, Kakamega, Busia, Bungoma, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira na Nakuru ni dogo. Kadi za kliniki za macho zichapishwe zikiwa na visanduku vya kutia alama: ute umejitenga, hakuna mchaniko; retina imechanika, haijabanduka; retina imebanduka, makula imeshika; retina imebanduka, makula imeachia. Chini yake pawe na mistari mitano: kivuli kilianza siku na saa gani, kilitokea upande gani, uoni wa kila jicho, kama mgonjwa ana kisukari, selimundu au ujauzito, na kama mboni ilipanuliwa alipochunguzwa. Mstari wa sita uwe wa wale wanaorudi kutoka kupasuliwa: jichoni mna gesi gani, na hadi tarehe ngapi asipande juu.

Nawe Mhariri, tunaomba waandishi wako wa kurasa za afya watakapoandika tena kuhusu jicho "lililobanduka", watuambie ni ute au ni retina, na kama ni retina, makula iko wapi.

Wahudumu wa afya ya macho,
Kisumu